Mrija Uliotolewa kwa Kalamu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema msije mkahangaika kumtafuta, maana mimi mwenyewe nilimtafuta asubuhi nzima, tena kwa kelele.

Aliyekosa ya nyuma nisimchoshe. Banda langu la kutengeneza simu liliungua. Pikipiki niliyonunua baadaye iliibwa siku ileile niliyokuwa naisifia kibarazani. Mke wangu, Mama Pacha, akabisha milango ya watu mpaka mmoja ukafunguka, nikapata kazi hospitalini. Na wiki iliyopita hadithi yangu iliishia pale baba yake alipowekewa mrija ubavuni, nami nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba ndani ya hospitali ile mimi ndiye ngao yake.

Ngao! Haya, sikilizeni ngao ilivyotoboka.

Baba mkwe wangu enzi zake alikuwa mwamuzi wa mpira, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Refa. Njia yake ya nyongo iliziba, macho yakawa manjano kama kiini cha yai. Daktari wa mirija akamtoboa chini ya mbavu za kulia, akapitisha mrija mwembamba kwenye ini mpaka kwenye ile njia, nyongo ikapata pa kutokea. Inashuka kwenye mfuko aliofungiwa kiunoni. Refa anauita "timu ngeni."

Mrija wa namna hiyo haukai milele. Huchakaa, huziba, hubadilishwa. Ukichelewa kubadilishwa, nyongo inarudi ndani, homa inapanda, na mtu anaondoka huku mnamtazama.

Sasa kazi yangu. Mimi si daktari wala sijawahi kushika sindano. Niko kitengo cha madai. Kila anachofanyiwa mgonjwa kina namba yake: kuweka mrija kuna namba, kuubadilisha kuna namba nyingine, kuutoa kabisa kuna nyingine tena. Tunasoma ripoti ya daktari, tunachagua namba, tunaituma kwa watu wa bima. Kwenye skrini zetu mgonjwa hana jina wala ukoo. Ana tarakimu tu.

Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote kitengoni, wakanibatiza Chapchap. Nikachekelea. Mtu aliyeunguza banda na kuibiwa pikipiki, akipewa jina lenye sifa, haulizi maswali.

Basi asubuhi hiyo nikasikia zogo mapokezi.

"Mnasema umetolewa?"

"Si sisi, mzee. Mfumo ndio unasema."

"Basi mwite huyo mfumo aje aone! Hiki kinachoning'inia hapa ni nini? Kamba ya kiatu?"

Sauti ile naijua. Nikatoka mbio.

Refa alikuwa amesimama mbele ya dirisha la mapokezi, shati limepandishwa mpaka kifuani, mrija unaonekana na kila mwenye macho. Kwa mkono mmoja ameshikilia ukuta. Meno yalikuwa yanagongana. Mfuko wa kiunoni ulikuwa mkavu, na mkavu kwake ni habari mbaya.

Mama Pacha akanidaka mkono. "Afadhali umekuja. Baba anatetemeka tangu alfajiri. Mrija umeziba. Daktari kasema abadilishwe leo hii, lakini stoo hawatoi mrija bila kibali cha bima. Na bima wanasema hawawezi kulipia kubadilisha kitu kilichotolewa zamani!"

"Kilichotolewa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mara ya mwisho alipokuja kubadilisha, kuna mtu humu ndani kaandika kwamba mrija ulitolewa kabisa."

"Wamenitoa mrija kwa kalamu," alisema Refa. "Hata ganzi hawakunipiga."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilivimba. Daktari wa mirija huja kwetu siku moja tu kwa wiki, na mchana huondoka kwenda hospitali nyingine. Akiondoka kabla Refa hajaguswa, tumekwisha.

"Nani kaandika upuuzi huu?" nikapaza sauti, ukumbi mzima usikie. "Nitamjua! Na leo hii anafungasha virago!"

"Virago vya watu vya nini?" alisema Refa. "Mimi nataka mrija."

"Hapana, Baba! Mtu wa namna hii si wa kuachwa. Huyu ni muuaji."

Nilisema neno hilo. Muuaji. Mama Pacha akaniangalia kwa fahari, na macho yale ndiyo yananinyima usingizi mpaka leo.

Nikarudi kitengoni, nikavuta kiti, nikafungua tarakimu za Refa. Ripoti ya daktari hiyo hapo. Mstari wa kwanza: *Mrija wa zamani umetolewa.* Mstari wa pili: *Waya umeachwa ndani.* Wa tatu: *Mrija mpya umepitishwa juu ya waya na kushonwa kwenye ngozi.*

Yaani kabadilishiwa. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Lakini kuna mtu kasoma mstari wa kwanza, akaweka namba ya kutoa, akaenda zake. Ni kama mtu aliyefika harusini, akamkuta mama wa bibi harusi analia, akageuza nyumbani kutangaza msiba.

Nikashuka mpaka kona ya chini, panapokaa jina la aliyeingiza.

Jina lile nalijua tangu nilipojua kuandika.

Niliangalia mlango. Niliangalia dari. Nikasoma tena, labda lingebadilika kwa huruma. Halikubadilika.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Mama Nukta, kwa sababu nukta moja ikikaa vibaya anakurudishia faili zima. Siku aliyonipokea alinipa sheria mbili. Ya kwanza: "Faili la ndugu yako usiliguse. Mpe mwenzako." Ya pili ilinishangaza: "Ukikosea, kabla sijasaini barua ya kusahihisha, utakwenda kwa mgonjwa mwenyewe ukamwambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe. Humu tunashika tarakimu, bwana mdogo. Nataka ukumbuke kwamba zina miguu."

Nilipaswa kwenda kwake moja kwa moja. Ofisi yake ilikuwa hatua chache tu. Lakini kwenda kwake maana yake ni kurudi ukumbini kumwambia Mama Pacha kwamba muuaji amepatikana, na anakula kwake.

Nikapiga simu bima.

"Dada yangu, kuna mgonjwa wa mrija wa nyongo hapa, hali mbaya."

Akaangalia kwake. "Huyu mrija ulishatolewa."

"Ndiyo... ndivyo inavyosomeka."

"Sasa kama ulitolewa na njia imeziba tena, mbona mnaomba kubadilisha? Ombeni kuwekewa mpya. Hiyo ni dharura, naipitisha sasa hivi."

"Na kama, tuseme, namba ya kwanza ilikosewa?"

"Hiyo inakuja na barua yenye saini ya mkuu wako. Imekosewa?"

Nimsingizie shetani? Nisimwonee. Asubuhi ile shetani hakuwa hata na zamu.

"Hapana, dada. Weka mpya."

Vidole vikafanya kazi viliyoizoea. Chapchap. Kibali kikarudi kabla kiti hakijapata joto. Nikajisemea, si mrija ni mrija? Wakishafika huko ndani daktari atajua mwenyewe la kufanya.

Nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

"Kimepita!" nikatangaza. Mama Pacha akafunika uso, akashukuru. Walishamlaza Refa kwenye kitanda cha magurudumu, blanketi mpaka kidevuni. Akanitazama kwa yale macho ya manjano.

"Kumbe una faida," alisema.

Ndugu zangu, tangu nimwoe binti yake, hilo ndilo neno tamu kuliko yote aliyowahi kunipa. Nililipokea kwa mikono miwili, na mikono yote michafu.

"Na yule muuaji mmempata?" aliuliza Mama Pacha.

"Anashughulikiwa."

Wakamsukuma ndani. Nikaketi kwenye benchi, nikaanza hata kuhisi njaa. Kisha mlango ukafunguka, daktari wa mirija akatoka, glavu mkononi, boksi kwapani.

"Nani kaomba hii?"

"Mimi, daktari," nikajibu haraka, nikidhani napewa asante.

"Stoo wamenipa vifaa vya kutoboa. Mzee ana njia tayari! Kazi yangu leo ni kupitisha waya ndani ya mrija alionao, niuvute ule uliochoka, niteleze mpya juu ya waya, basi. Wewe umeniombea sindano ya kutoboa ini upya."

"Si... si unaweza tu kubadilisha, daktari? Humo humo?"

"Kwa mrija gani? Ulio humu si saizi yake. Halafu nisaini kwamba nimemtoboa wakati sijamtoboa? Au nimtoboe kweli, mzee mwenye homa, avuje damu ndani, ili karatasi yako ifurahi?" Akanikabidhi boksi. "Niletee kibali cha kubadilisha. Gari langu liko nje linanisubiri."

Wakamrudisha Refa ukumbini. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Ulisema kimepita," Mama Pacha aliniambia polepole.

"Kimepita. Ila kimepitia pembeni."

Nilijaribu kutabasamu. Hakunipokea.

Nikaenda kwa Mama Nukta na boksi langu mkononi kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akavua miwani.

"Ya kwanza ni kosa. Linamkuta kila mtu. Ya pili si kosa. Ya pili ni wewe."

"Najua, Mama."

"Na ya pili umeiandika ukijua ni mkweo."

"Najua."

"Barua naiandika sasa hivi. Lakini sheria yangu unaijua."

"Mama, muda hatuna! Daktari anaondoka!"

"Basi tembea haraka. Si unaitwa Chapchap?"

Ule ukumbi nimeupita mara nyingi sana. Siku hiyo ulirefuka. Nikafika pale kitandani, nikasimama upande wa miguu, mbali kidogo.

"Baba, kumetokea hitilafu."

"Imetokea wapi?"

"Kule... kitengoni."

"Kitengo kina mikono?"

"Yaani ni mambo ya mfumo, Baba, kazi ni nyingi, watu wanasoma harakaharaka..."

"Kijana." Alikuwa anahema kwa shida. "Mpirani tulikuwa tunasema namba ya jezi. Namba ngapi kacheza rafu?"

"Mimi."

Mama Pacha akageuka. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeandika mrija umetolewa. Nilisoma mstari wa kwanza nikaacha. Na hii ya leo ya kutoboa, mimi pia. Niliogopa kusema."

Ningependa angenitukana. Ningependa hata kibao, mbele ya wale watu. Aliinama tu, akalisogeza blanketi la baba yake begani, akalilaza vizuri.

"Uliita watu wasikie," alisema bila kuniangalia. "Ukasema muuaji."

"Nilisema."

"Na mimi nikajivuna."

Mwenye tabia yangu akibanwa ndipo anaposema la kijinga. Nikamgeukia Refa. "Baba, nisamehe. Hata wewe ulipokuwa refa uliwahi kukosea. Lile goli la mkono ulilolikubali watu wanalisimulia mpaka kesho."

"Nilikosea," alisema Refa. "Katikati ya uwanja, watu wote wananiona, nikatukanwa mpaka nyumbani. Wewe umekosea umejifungia chumbani, halafu ukatoka kuja kutusaidia kumtafuta mwizi."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mama Nukta. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliweka barua ukutani, akasaini hapohapo, akaipiga picha kwa simu yake na kuituma. Kisha akampigia dada wa bima, akaiweka simu hewani ili sote tusikie.

Daktari alikuwa mlangoni, ameshavua aproni. Anaikunja. Aliikunja polepole, nadhani kwa huruma, lakini aliikunja.

"Barua nimeiona," ilisema simu. "Ila mnisaidie jamani. Mwezi uliopita mliniambia mrija umetolewa. Leo asubuhi mkaniambia awekewe mpya. Sasa mnasema mrija upo na haukutoka kamwe. Ni hadithi tatu kwa ini moja!"

"Ya tatu ndiyo ya kweli," alisema Mama Nukta. "Saini ni yangu."

"Nakuheshimu, Mama. Lakini zile mbili za kwanza zimeingizwa na mtu mmoja, jina lilelile. Mpeni simu mgonjwa mwenyewe. Nataka kumsikia yeye."

Mama Nukta akaziba simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Atauliza kama aliyeingiza ni ndugu. Ni swali lao la lazima. Akisema ndiyo, faili linaenda uchunguzi."

"Na uchunguzi unachukua muda gani?" aliuliza Mama Pacha.

"Leo hauishi."

"Na kibali?"

"Faili likiwa uchunguzi, kibali kinategemea yeye huyo dada. Akitaka atatoa. Akiogopa, hatatoa."

Kisha Mama Nukta akatazama dari, akaisogeza simu kwa Refa bila kusema zaidi. Yeye mwenye sheria! Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya kiasi gani.

"Baba," nikanong'ona, nimepiga magoti kando ya kitanda. "Sema hunijui."

Refa akanitazama.

"Sema mimi ni karani tu. Hujawahi kuniona. Nitafukuzwa baadaye, sawa, nitakwenda mwenyewe. Lakini uwe umebadilishiwa."

"Baba, nakuomba," Mama Pacha alinong'ona upande wa pili. "Leo tu. Neno moja tu. Kesho utasema ukweli wote."

"Mnanifundisha?" alisema Refa.

"Tunakuomba."

"Mzee?" Dada wa bima aliita simuni. "Mzee, unanisikia? Pole sana na homa."

"Nakusikia, mwanangu."

"Nambie mwenyewe. Huo mrija upo mwilini au haupo?"

Akashusha mkono chini ya blanketi, akaushika, kama mtu anayehakikisha funguo ziko mfukoni. "Upo. Umeziba, lakini upo."

"Sawa. Na huyu aliyeandika kwamba ulitolewa, je, unamfahamu? Ana undugu wowote na wewe?"

Nilitikisa kichwa mbele ya uso wake. Nikapunga mkono, hapana, hapana. Mama Pacha alikuwa ameshika vidole vya baba yake na kuvibana. Mlangoni, daktari alikuwa amemaliza kukunja aproni, anaangalia saa, anatuangalia sisi.

Refa akavuta pumzi, ikakwama kidogo, ikaendelea.

"Dada, asubuhi nilikuwa na mrija, mkaniambia sina. Sasa nina mkwe, huyu hapa amepiga magoti ananipungia mkono, anataka nikwambie sina. Andika: mrija ninao, na mkwe ninaye. Vyote viwili niliingiziwa, sikuviomba, na hakuna hata kimoja kinachotolewa kwa kalamu."